Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma

Juzi asubuhi nilimtuma mtoto dukani akalete maandazi. Akarudi na maandazi yale yale manne, kwa hela ile ile, ila nilipoyashika mkononi nikaona kama nimeshika hewa. Nikatoka mwenyewe hadi kwa mama anayeyauza. Nikamwuliza, "Mama, mbona maandazi yamekonda hivi, yanaumwa?" Akacheka, kisha akajibu neno moja tu: "Nauli, baba."

Nikaendelea na safari zangu. Muuza mkaa kapunguza kopo, sababu ni nauli. Fundi baiskeli kapandisha bei ya kuziba pancha, naye anasema ni nauli, ingawa anakaa hatua ishirini kutoka kijiweni kwake! Nilipomkazia macho akaniambia kwamba gundi haitembei kwa miguu kutoka mjini. Nikanyamaza. Kwa hilo alikuwa na haki.

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Siku hizi kila nyumba hapa nchini, hata ile isiyo na baiskeli, inanunua mafuta ya gari. Tunayanunua ndani ya andazi, ndani ya kopo la mkaa, ndani ya mfuko wa mbolea. Ndiyo maana Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, hata bibi aliyeko milimani na jembe lake ingefaa atege redio.

Tunakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia na lita moja ya petroli ikapita Sh3,000. Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi ili kupunguza makali. Mwaka huo huo nauli zikapanda. Desemba 2023 LATRA ikatangaza nauli nyingine mpya: basi la kawaida la mikoani likatoka Sh41.29 hadi Sh48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja. Ukiisikia unaweza kudhani ni senti za kuokota. Lakini zidisha mara kilomita 200, ambazo ni kama mwendo wa Morogoro hadi Dar es Salaam. Utaona abiria mmoja kaongezewa zaidi ya Sh1,400 kwa kwenda tu, na kurudi kunamngoja.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mafuta yakipanda leo, kesho asubuhi kila kitu kimeshapanda, hata kile kilichokuwa ghalani tangu mwezi uliopita. Mafuta yakishuka, kimya! Andazi halinenepi, kopo la mkaa halirudi kuwa kopo. Ukimwuliza mwenye lori atakuambia habari za matairi, vipuri na mkopo wa benki. Si kwamba anasema uongo. Matairi ni ghali kweli. Ila na sisi tuna haki ya kumwuliza: mbona mafuta yalipopanda hukuzungumzia matairi?

Hapo ndipo linapokuja jambo linaloniuma zaidi. Abiria ana mtetezi, hata kama mtetezi huyo wakati mwingine husinzia. Nauli yake inajulikana na anapewa tiketi. Akizidishiwa ana pa kulalamika. Je, gunia la karoti linalotoka Mgeta nani kalipangia nauli? Bei yake ni maelewano, na sote tunajua maelewano yanavyokuwa kati ya mwenye lori na mkulima ambaye karoti zake zimeshang'olewa, zimeoshwa, na mvua inanyesha. Hayo si maelewano. Ni mtu kuambiwa bei.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mkulima ana magunia matatu. Bodaboda kutoka shambani hadi barabarani Sh5,000 kwa gunia, lori hadi Dar es Salaam Sh10,000, kupakia na kushusha Sh2,000. Hiyo ni Sh17,000 kwa gunia, yaani Sh51,000 kwa yote matatu. Kwa kuwa hamwamini dalali, naye anafunga safari kusimamia mzigo wake. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulaza ubavu, tuseme Sh36,000. Jumla imefika Sh87,000. Akiuza kila gunia kwa Sh50,000 anapata Sh150,000. Anarudi nyumbani na Sh63,000, na hapo hatujataja mbegu, mbolea, dawa wala mgongo wake. Barabara imekula kuliko mkulima!

Ndiyo maana mimi husema lumbesa ni mtoto wa nauli. Mnunuzi anayelipia lori kwa gunia, si kwa kilo, lazima atatamani gunia moja libebe la moja na nusu. Analijaza, analifungia kilemba, na hasara ya kile kilemba anabebeshwa mkulima. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Tumepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa, lakini nauli ya mzigo ikiendelea kukatwa kwa kuhesabu magunia, tutaendelea kufukuza moshi huku moto tumeuacha jikoni.

Na nyumbani nako hakuna pumziko. Mkulima wetu huyo anafika usiku, kachoka, anakuta umeme umekatika kwa sababu LUKU imekwisha. Ananunua wa Sh5,000, anapata uniti pungufu, maana kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo tangu 2021. Mama anauliza, "Fedha za karoti ziko wapi?" Hana jibu, kwa sababu hakuandika popote. Ugomvi unaanzia hapo, na mtu asiye na hatia analala mzungu wa nne.

Sasa tufanye nini? Kulalamika tu hakujazi kibaba. Mimi naona mambo matatu.

La kwanza, daftari. Mkulima na mfanyabiashara mdogo aandike usafiri kama anavyoandika mbegu. Wengi wetu tunasema "nimepata laki moja na nusu" wakati tumepata sitini na tatu elfu. Usipojua barabara imekula kiasi gani, hutajua kama ilikuwa nafuu kuuza pale pale kijijini.

La pili, tusafirishe pamoja. Rudi kwenye mfano wetu. Majirani watatu wenye magunia matatu kila mmoja wakimtuma mtu mmoja wanayemwamini, ile Sh36,000 inagawanywa kwa magunia tisa, yaani Sh4,000 kwa gunia badala ya Sh12,000. Kila mmoja anaokoa Sh24,000 bila kumbembeleza mtu. Tena magunia tisa ya kilo 100 hayafiki tani moja, na bajeti ya 2017/18 iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni wangapi wanalijua hilo wanapofika kwenye kizuizi? Shida yetu ni kuaminiana. Huyo wa kumtuma ndiye anayetafutwa kwa tochi, na mkimpata mtunzeni vizuri.

La tatu ni la wakubwa wetu. Sisemi serikali iwapangie wenye malori bei kwa lazima, kwani yatajificha na mazao yataoza. Ila inawezekana kubandika sokoni na katika ofisi za vijiji bei elekezi ya kusafirisha kwa kilo, ikabadilishwa kila bei ya mafuta inapobadilika, juu au chini. Mkulima akiwa na karatasi hiyo ukutani, angalau maelewano yatakuwa na pande mbili. Na barabara za vijijini zitengenezwe, maana kipande kile cha bodaboda, kifupi kuliko vyote, ndicho kinachokamua zaidi kwa kila kilomita.

Jana nimepita tena kwa mama wa maandazi. Nimemwuliza, mafuta yakishuka mwezi ujao atayanenepesha? Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto. "Baba," akasema, "anza wewe kwenye karoti zako, mimi nitafuata."

Nimeondoka bila jibu. Nyumbani nimefungua daftari.