Taa ya Mozart katika giza la Handel

SIKIO LA JUMAPILI
Na Anselmi Mkude

Kwaya nyingi za makanisa yetu huimba "Haleluya" ya Handel wakati wa Krismasi na Pasaka, lakini si waimbaji wote wanaojua kwamba Messiah, kazi kubwa iliyobeba wimbo huo, ina sura mbili. Ya kwanza aliitunga Handel mwenyewe jijini London mwaka 1741, kwa siku 24 tu, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata. Ya pili ni ya Mozart. Mwaka 1789, kule Vienna, mfadhili wa muziki Gottfried van Swieten alimwomba aipange upya kwa masikio ya wakati ule, naye akaongeza filimbi, klarineti na tromboni. Anayetaka kujua mitindo ya baroki, wa Handel, na klasiki, wa Mozart, inaachana wapi, azisikilize sura hizo mbili.

Katika baroki, besi haipumziki. Hutembea chini mwanzo hadi mwisho, na juu yake sauti hufukuzana, kila moja na hadhi yake. Klasiki hupenda sauti moja iongoze, nyingine ziisindikize.

Sikiliza sasa ule wimbo wa mwimbaji wa besi kuhusu watu waliokwenda gizani. Handel amemwachia fidla na ala za besi tu, karibu zote zikipapasa njia ile ile moja, katikati hakuna kitu. Utupu huo ndio giza lenyewe. Mozart aliujaza kwa ala za kupuliza zinazoteleza nusu sauti kwa nusu sauti. Ni kazi nzuri ajabu, hunisisimua kila niisikiapo. Lakini msafiri wa Mozart ana taa mkononi, na wa Handel hana.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaofundisha kwamba klasiki ilikuja kuinyoosha baroki, kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa rasimu. Mozart mwenyewe, pamoja na ufundi wake wote, sehemu za waimbaji katika kwaya hakuzibadili sana.

Walimu wa kwaya, nawaomba: msiigeuze "Haleluya" kuwa kelele ya sauti ya kwanza huku wengine wakiitikia nyuma. Acheni sauti ya tatu na besi zisikike waziwazi zinapoingia. Handel aliwaandikia nao wimbo kamili.