Usilipie frem kabla hujajua njia inatokea wapi

Wafanyabiashara wenzangu, kabla hujalipa kodi ya frem kwenye mtaa mpya, zunguka nyuma yake kwa mguu. Angalia kile kinjia kinatokea wapi na kinapita kwenye kiwanja cha nani. Mimi sikuangalia.

Duka langu hapa Kigwa lilikuwa na kinjia pembeni, watu wa nyuma wanakatiza kwenda barabarani. Mikate 20 inaisha kabla ya saa mbili asubuhi. Mwaka jana kiwanja cha nyuma kikauzwa, mwenyewe akapiga ukuta. Simlaumu sana, kiwanja ni chake na njia haikuchorwa popote. Wateja wakapotea. Nikafikiri wamenuna kwa sababu nadai madeni, kumbe ni ukuta! Wanazunguka upande wa pili, na huko kuna maduka mawili. Sasa hivi mikate nachukua 8 na mingine inabaki.

Miji yetu inakua hivyo hivyo. Mtu anakata shamba, anauza vipande, kila mnunuzi anaacha upenyo wa kumtosha yeye. Kariakoo ilipangwa tangu enzi za wakoloni, mitaa inanyooka na kukatana, ndiyo maana kila kona ni duka. Nenda sasa pembeni ya Dar, kule ilikojitanua kufuata barabara za Morogoro na Kilwa. Sehemu nyingi gari la mzigo linakwama, unamalizia na toroli, na hiyo hela ya toroli inaingia kwenye bei yako. Watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball walichapisha mwaka 2020 kwamba dunia nzima, tangu 1975, mitaa mipya imezidi kutounganika, na ikishajengwa hivyo ni ngumu kuibadilisha.

Kigwa bado tuna nafasi. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa, Burton na Speke wakiwemo mwaka 1857. Wapita njia ndio wateja wetu tangu zamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, kwa hiyo njia zichorwe kabla vipande havijauzwa. Shida wenye maduka hatuendi mikutanoni, tunaogopa kufunga.

Mkutano ujao nafunga. Natoa mita mbili upande wangu, jirani kakubali kutoa moja. Bado mwenye ukuta, namfuata Jumapili.