Foto ya wanaume wawili si dosiye ya polisi



Hapa karibuni foto moja ya zamani ilizunguka kwenye WhatsApp ya mtaa wetu. Wanaume wawili wamevaa abakosti, wameketi ndani ya studio, mmoja ameweka mukono kwenye goti ya mwenzake. Ndani ya saa moja hukumu ilikuwa imeisha katwa: « Muone hawa, kumbe ilianzaka zamani! » Mjukuu wa mmoja wao alikuwa ndani ya ile gurupe. Alitoka bila kusema neno. Kesho yake albumu nzima ya familia ikachomwa: ubatizo, ndoa, foto moja tu ya tate iliyokuwa imebaki. Yote, juu ya mukono kwenye goti.

Ninaandika juu ya ule moto.

Kule Marekani kuna wanaume wawili waliooana, Hugh Nini na Neal Treadwell, ambao wamefanya kinyume. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, katika duka la vitu vya zamani kule Dallas, waliona foto ndogo ya wanaume wawili waliokumbatiana. Wakajiona wenyewe ndani yake. Tangu hapo wakaanza kutafuta zingine kwenye masoko, kwenye mabokisi, kwenye vitu vilivyoachwa na marehemu. Wakapita foto 2.800. Mwaka 2020 walitoa kitabu, Loving, chenye foto za tangu miaka ya 1850 mpaka miaka ya 1950, na mwaka 2023 zikaonyeshwa Genève, kule Uswisi. Wengi wa wale watu hawana jina tena. Kama si hao wawili, foto zao zingeishia kwenye takataka.

Lakini wanajuaje kama walikuwa wapenzi? Ukweli ni kwamba hakuna mwenye kujua kabisa. Wao wanatazama macho, namna watu wanaangaliana. Mwana historia John Ibson, ambaye kitabu chake juu ya foto za wanaume wa Marekani kilitoka mwaka 2002, anaonyesha kwamba zamani kule wanaume walikaliana kwenye mapaja na kushikana mikono mbele ya mpiga foto bila haya: maaskari, wafanyakazi, wanafunzi. Ni katika karne ya 20 njo miili ilianza kuachana, juu ya woga wa kuitwa jina. Kwa hiyo mukono kwenye goti haina maana moja kila mahali na kila wakati.

Wachuuzi nao wameelewa. Kule, ukiuza foto ya kawaida ya marafiki wawili na ukaandika kwamba pengine ni mambo ya wanaume wanaopendana, bei inapanda. Muone vile dunia iko: jina lenye kuchoma albumu hapa kwetu, kule linaleta pesa. Na pande zote mbili, wale wa kwenye foto hakuna aliyewauliza.

Ninakataa uongo wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa kusema kila wanaume wawili walioshikana walikuwa wapenzi. Wa pili ni ule wa kusema « kwetu haijakuwaka hata siku moja, ni mambo ya wazungu ». Mwenye kusema hivyo naye anakata hukumu bila ushahidi. Wengi walikuwa marafiki, ndugu, watu wa kazi moja. Pengine wamoja walipendana. Hatujui, na kutojua si ruhusa ya kutukana.

Halafu, sisi wenyewe tunatembeaka namna gani? Hapa Goma, na kule Bukavu, vijana wawili wanashikana mikono barabarani na hakuna mwenye kuuliza kitu. Muangalie foto za Jean Depara, aliyepiga vijana wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960: Bills na mapozi yao ya kikauboi, wanaume wenye misuli pembeni ya piscine. Walijivunia mwili na urafiki. Leo, ili kuona nyingi ya zile foto, unatafuta Ulaya.

Lava ya Nyiragongo ilichoma nyumba zetu mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Vita imetukimbiza na vitambaa kichwani, albumu zikabaki nyuma. Sasa kile volkano na vita viliacha, tukichome sisi wenyewe kwa kiberiti?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri. Haikusema « isipokuwa yule tunayemshuku ».

Kwa hiyo ninawaomba vijana wenzangu:

1. Usitume foto ya familia ya mtu bila ruhusa yake, na ikikufikia na matusi, isiishe kwako ikaenda mbele.
2. Jumapili hii, kaa na koko wako na albumu. Muulize: huyu ni nani, na ule mwenye kumushika mukono ni nani? Andika jina nyuma ya foto, na mwaka.
3. Akikujibu tu « alikuwa mutu wake », andika vile vile. Usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Ule mjukuu hana tena sura ya tate wake ya kuonyesha watoto. Hiyo njo hasara. Mukono kwenye goti haukumuibia mtu kitu.