Mkanda Haujui Jando

Msemo wa "ajali haina kinga" umetufanya wavivu wa kufikiri. Huku kwetu, kati ya Tarime, Nyamongo na Mugumu, hauko mbali na msiba wowote wa barabarani. Mimi nasema kinga ipo, ila hatutaki kuilipia.

Utazame mchomoko unapoondoka stendi. Magunia ya mahindi yamefungwa kamba juu ya keria. Mbuzi naye amefungwa asianguke. Mtoto mchanga amepakatwa na mamaye. Je, yule wa miaka minane au kumi? Huyo hana pake. Amebanwa mbele kati ya watu wazima wawili, au amekunjwa kwenye buti pamoja na mabegi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ameshakua. Na kama ametoka jandoni, ndiyo kabisa: mwanamume wa kufungwafungwa kama mtoto?

Ndugu msomaji, mkanda haujui jando. Unajua kimo na mifupa. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 30 husukumwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo unaozidi kilo 400. Ni mkono gani utakaomzuia?

Tena mkanda wa mtu mzima haumkai sawasawa mtoto mfupi. Humkata shingoni na tumboni badala ya kupita begani na kwenye nyonga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto akalie kiti maalumu mpaka afikie walau miaka 10 au kimo cha sentimita 135. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikudai kiti hicho, nasi tukaugeuza ukimya wake kuwa ruhusa.

Asiye na uwezo wa kiti hicho bado ana kiti cha nyuma. Mtoto akae humo peke yake, mkanda ushushwe mpaka kwenye nyonga, wala usipitishwe kwapani.

Lakini tusidanganyane, kiini ni nauli. Mzazi anakwepa kulipia kiti kizima, dereva anatafuta abiria wa ziada, na wote wawili wanapatana juu ya mwili wa mtoto. Mzazi, mlipie mwanao kiti. Dereva akikataa, shuka naye, usubiri gari jingine.