Pesti ya Prosesa Hairudishwi

Hoja za mafundi wasiobadilisha pesti ya prosesa mmezisikia, wasomaji, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, hapa Mwanza. Nimezisikiliza hadi mwisho. Naziweka mbele yenu mzipime, kwa sababu kompyuta zinazoharibika ni zenu.

Hoja yao yenye nguvu ni hii: ukifungua hitisinki, kile kipande cha shaba kinachokazwa juu ya prosesa ili kuondoa joto, ukakuta pesti iliyo kati yao bado laini, irudishe ilivyo, maana kitu kizima hakitupwi. Laini inaweza kuwa kweli. Lakini pesti haikuwekwa pale iwe laini. Imewekwa kufukuza hewa. Uso wa prosesa na uso wa shaba, hata ukiviona vinang'aa, vina mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na humo ndimo hewa inamojificha. Pimeni wenyewe: shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kila nyuzijoto, pesti za kawaida ni kati ya 4 na 10, na hewa iliyotulia haifiki 0.03. Sasa itazameni hitisinki iliyonyanyuliwa. Pesti imechanika, nusu imebaki juu ya prosesa na nusu kwenye shaba, kila upande una mabonde na vilima vyake, na vya huku haviendani na vya kule. Ukiirudisha, unafungia hewa ndani, ileile iliyokuwa imefukuzwa.

Hapo mafundi hao hujibu: "Mbona nimerudisha na mashine imewaka?" Kuwaka si kipimo. Prosesa za sasa hujilinda. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzijoto 100, hupunguza kasi zenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe anaona mashine nzito, feni inapiga kelele, kisha anaambiwa anunue RAM. Analipia dawa ya ugonjwa asioumwa.

Wengine husema pesti ikiwa nyingi ndiyo bora. Hawa wanapingana na wenzao wa kwanza, na pia wanapingana na zile namba. Pesti inaishinda hewa mara mia na zaidi, lakini inashindwa na shaba mara 40 au zaidi. Ikiwa nene, inakuwa kizuizi kati ya prosesa na shaba. Tone dogo katikati linatosha prosesa nyingi za laptopu; skrubu zikikazwa kwa zamu, kwa mshazari, litasambaa lenyewe.

Wapo wanaotetea dawa ya meno. Niwatendee haki: ikiwa mbichi hupoza, na anayepima joto dakika kumi za kwanza ataridhika. Lakini ndani yake kuna maji, na juu ya prosesa inayochemka maji hayo hukauka, yakaacha unga uliopasuka. Anayesema pesti haina umuhimu hana sababu ya kutafuta mbadala wake. Akiutafuta, amekubali kwamba inahitajika.

Kuhusu petroli, ambayo wengine huitumia kufutia pesti ya zamani, sina mengi. Inaacha mafuta, inadhuru plastiki, na inashika moto mezani penye chuma cha kulehemu. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi, ndivyo vinavyoacha uso mkavu.

Hoja inayopendwa zaidi hapa kwetu ni ya ziwa: Mwanza si Dar es Salaam, upepo wa Victoria unapoza. Kweli, joto la mchana wetu ni pungufu kwa nyuzijoto chache kuliko la Dar. Lakini upepo haupenyi kati ya prosesa na shaba iliyokazwa juu yake. Tena tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu kuliko ingekuwa Dar. Kwa mizani hiyo, sisi wa ziwani ndio tunaopaswa kuwa wakali zaidi juu ya pesti.

Inabaki bei: eti mteja hatakubali kulipa. Bomba la gramu 4 linahudumia kompyuta nyingi, na kufuta ya zamani ni kazi ya dakika chache. Fundi aliyekwisha kufungua skrubu zote amemaliza sehemu ngumu. Mteja naye aombe hitisinki ifungwe mbele yake, akiwa ameziona nyuso zote mbili zikiwa safi.