Nakala Mbili Katika Ghala Moja

Siku hizi shule na ofisi nyingi huweka alama za wanafunzi, mahudhurio na hesabu za fedha katika huduma za wingu. Jina hilo lisimpotoshe mtu. Wingu hili haliko angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme, mitambo ya kupoza joto na mafundi, nayo huunganishwa na mtumiaji kwa nyaya zinazovuka nchi na bahari. Kila kimojawapo cha vitu hivyo huweza kuharibika. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: kikiharibika kimoja, ni vingapi vitakavyoanguka pamoja nacho?

Hisabati ya uwezekano inayofundishwa sekondari yatosha kulieleza jambo hili. Tuseme mtambo mmoja hufanya kazi kwa asilimia 99 ya muda wote. Mwaka una saa 8,760. Hivyo mtambo huo utasimama kwa takriban saa 88. Ikiwa huduma fulani huhitaji mitambo mitatu ya namna hiyo, yote ikifanya kazi kwa pamoja, uwezekano wa kuikuta huduma ni 0.99 × 0.99 × 0.99, yaani 0.97. Huduma itakosekana kwa zaidi ya siku 10 kwa mwaka. Lakini ikiwa mitambo ni miwili, na mmoja tu watosha kuiendesha kazi, uwezekano wa yote miwili kusimama kwa wakati mmoja ni 0.01 × 0.01, yaani 0.0001. Saa 88 zimepungua na kuwa dakika 53 tu.

Hesabu hii ya pili inavutia, lakini ina sharti ambalo mara nyingi husahauliwa. Kusimama kwa mtambo mmoja kusiwe na uhusiano wowote na kusimama kwa mwenziwe. Mitambo miwili ikitegemea waya mmoja wa umeme, paa moja au amri ya fundi mmoja, kuzidisha huko si halali tena.

Mifano ipo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuunguza sehemu ya jengo la jirani. Wahenga walisema akiba haiozi. Baadhi ya wateja walijifunza kwamba huungua, maana nakala zao za akiba zilitunzwa mahali pale pale palipokuwa na data zenyewe. Tarehe 28 Februari 2017, fundi wa Amazon aliyekuwa akishughulikia mitambo ya kampuni hiyo katika jimbo la Virginia, Marekani, alikusudia kuondoa kompyuta chache kazini. Alikosea kuandika amri, zikaondoka nyingi, na huduma ya kuhifadhi data ikavurugika kwa takriban saa nne. Hata ukurasa wa kuwaarifu wateja hali ya huduma haukuweza kurekebishwa kwa muda, kwa kuwa nao uliitegemea huduma hiyo hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilipata somo lake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Mikongo ilikuwa miwili, tena ya wamiliki mbalimbali, lakini ilipita karibu karibu katika bahari ile ile.

Wapo wanaosema kwamba kompyuta ya shule huibwa, huharibiwa na umeme usiotulia, na haina fundi wa kuitunza usiku na mchana. Kwa hiyo wingu ni salama zaidi. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuyakataa maendeleo haya. Hata hivyo, usalama wa mwenye nyumba imara haumwondolei wajibu mpangaji. Mwanafunzi anayehitaji matokeo yake ili aombe nafasi ya chuo hawezi kufaidika na maelezo kwamba hitilafu ilitokea ng'ambo.

Yafaa basi kila shule iwe na nakala moja ya kumbukumbu zake katika diski isiyounganishwa na mtandao, itunzwe katika jengo jingine, na orodha muhimu zichapwe kwenye karatasi. Kila muhula nakala hiyo ifunguliwe na kusomwa, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Wakuu wa ofisi za umma nao, kabla ya kutia sahihi mkataba, wasiridhike kuambiwa idadi ya nakala. Waulize nakala hizo ziko wapi, zinatumia njia gani, na ni tukio gani moja litakaloweza kuzipoteza zote.