Si Kila Kitabu Chenye Msalaba kwenye Kava ni cha Kumeza

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, pesa za HELB ziliingia nikiwa tao. Pale kwa wale wauzaji wa inama, wanaopanga vitabu chini kwenye turubai, nikaona kimoja cha Kikristo. Kava linang'aa, mwandishi ametupia suti kali, na kichwa kinaahidi kwamba mwaka hautaisha kabla sijavuka. Soo tatu tu. Nikanunua, nikakimaliza usiku huo huo.

Sura ya mwisho ilikuwa na hesabu. Mwandishi alichukua Marko 10:30, pale Yesu anapozungumzia kupokea mara mia, akasema: panda elfu tano, vuna laki tano. Chini ya ukurasa kulikuwa na namba ya kutuma. Manze, nilituma. Thao tano, kutoka kwa pesa ya keja.

Laki tano haikuja. Aliyekuja ni mwenye ploti, na kufuli mkononi.

Nikaenda kwa shosho kuomba msaada. Hakunigombeza. Alivaa miwani, akaleta Biblia yake iliyofungwa kwa mpira, akaniambia, "Soma Marko kumi, kijana, lakini anzia aya ya kumi na saba." Nikasoma. Tajiri anamjia Yesu, anaambiwa auze alivyo navyo awape maskini, anaondoka na huzuni. Petro anasema wao waliacha vyote. Ndipo Yesu anawajibu kuhusu mara mia, na katikati ya aya hiyo hiyo anataja mateso. Neno hilo mwandishi wangu alikuwa amelikata.

"Huyo tajiri aliambiwa ampe nani?" shosho akauliza.

"Maskini, shosho."

"Na wewe ulimpa nani?"

Nikanyamaza.

Kitu kilichoniuma si kwamba mwandishi alitunga aya. Aya ni ya kweli, iko pale. Alinipa nusu yake tu, na mimi nikakubali nusu kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia. Kwa hivyo nusu ya lawama ni yangu. Biblia ilikuwa kwa simu yangu muda wote, na sikuifungua hata dakika tano kabla ya kutuma pesa.

Na usidhani hii ni shida ya vitabu vya inama pekee. Mwaka 2010 kule Marekani kulitoka kitabu kinaitwa The Boy Who Came Back from Heaven. Kilihusu mtoto aliyepata ajali ya gari mwaka 2004 akiwa na miaka 6, ati akaenda mbinguni akarudi. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja. Januari 2015 mtoto mwenyewe, Alex Malarkey, ambaye sasa alikuwa kijana, akasema wazi kwamba hakwenda popote. Alisimulia vile kwa sababu alidhani angeangaliwa. Akawahimiza watu wasome Biblia, na wachapishaji wakakiondoa kitabu sokoni. Fikiria: wahariri walikipitisha, maduka ya Kikristo yakakipanga mbele, na aliyesema ukweli ni yule yule mgonjwa. Lebo ya "Kikristo" inakuambia kitabu kimewekwa rafu gani. Haikuambii kama ni kweli.

Sasa, sisemi uache kusoma. Mimi nasoma zaidi kuliko zamani, ila kuna vitu nacheki.

Kwanza, mwandishi akitaja aya, nafungua sura nzima. Chukua Yeremia 29:11, ile iko kwa status ya kila mtu Januari. Hiyo ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kulima bustani huko huko, na aya ya 10 inasema miaka 70. Wengi walioisikia mara ya kwanza hawangeishi kuona safari ya kurudi. Bado ni ahadi tamu, tena kwangu imekuwa tamu zaidi, maana inasema Mungu hawasahau watu hata utumwani. Lakini mtu akiitumia kukuahidi kazi kabla ya Disemba, hiyo ni barua nyingine ameandika yeye.

Pili, najiuliza nani anafaidika nikitii. Kama njia zote zinaishia kwa namba ya simu ya mwandishi, chanuka.

Tatu, nikimtoa Yesu kwenye kitabu, kuna kitu kitabadilika? Kama hakuna, nimenunua kitabu cha motisha. Si dhambi, kinaweza hata kunisaidia kuamka mapema, lakini nisikiite chakula cha roho.

Nne, nachanganya na vitabu vilivyozeeka. John Bunyan alitoa Pilgrim's Progress mwaka 1678, baada ya kukaa jela karibu miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa. Agostino, Mwafrika wa nchi tunayoiita Algeria leo, aliandika Confessions akianika dhambi zake mwenyewe badala ya magari yake. Na nikikwama kwa aya, kuna Africa Bible Commentary ya 2006, iliyoandikwa na wasomi 70 wa Afrika. Bei yake ni kali, lakini vijana kumi wakichanga, kanisa linapata moja.

Najua kuna mtu ataniambia, "Usiguse watumishi wa Mungu." Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume mzima, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama ni kweli. Luka hakuwaita wakaidi. Aliwasifu. Kama Paulo alichunguzwa, huyu wa suti ni nani?

Lakini pia nikuonye upande wa pili, kwa sababu nimeanguka huko pia. Baada ya kuoshwa, nilikaa miezi nikisoma kila kitabu kama askari anayetafuta kosa. Nikawa mkali wa kunusa uongo, na sala zangu zikakauka. Kuchunguza bila kumpenda Mungu kunakuacha na kiburi tu. Siku hizi Biblia inatangulia asubuhi, kitabu kinafuata jioni. Na kipimo changu kikubwa ni hiki: nikifunga kitabu, nina hamu ya kurudi kwa Neno, au nina hamu ya toleo la pili la mwandishi?

Kile cha soo tatu bado ninacho. Kiko kwa rafu, alama nimeweka kwenye ukurasa wa hesabu. Na wewe, kitabu unachosoma saa hii, aya zake umezifungua?